Mahali Joto Linapobaki

Siku mliyoniaga nilipostaafu, katikati ya keki na vitenge, mlinibana niahidi kuwaandikia mambo niliyoyaona wodini. Keki iliisha siku ileile, ahadi ndiyo imebaki. Sitaandika habari za vyeo, maana mnavijua na vilichelewa. Nitaandika habari za watu wawili walionifundisha kazi, Bi. Salma na Dokta Urio, na habari za mgonjwa mmoja ambaye sijawahi kumsimulia vizuri kwa mtu yeyote. Mtanisamehe nikizunguka kabla ya kumfikia.

Nilifika Temeke nikitokea Tukuyu, na sanduku la bati na sweta ambalo sikulivaa tena mpaka nilipokwenda likizo. Hospitali yetu wakati huo ilikuwa majengo mawili na tangi la maji. Bi. Salma, mwenyeji wa Lindi, ndiye aliyesimamia wodi ya watu wazima. Asubuhi ya kwanza alinipa sinia la dawa akaniambia nigawe. Kwetu huwezi kumpa mtu kitu kabla hujamwamkia, ukamuuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, na mvua imefikia wapi. Nikaanza na kitanda cha mlangoni, nikiinama kidogo kwa kila mzee kama nilivyolelewa. Bi. Salma alipita baada ya muda mrefu akanikuta bado nipo safu ya kwanza, mzee mmoja wa Mbagala ananieleza habari za mashemeji zake.

"Mwanangu," akasema, "ukimaliza kumwamkia wa mwisho, wa kwanza atakuwa keshakufa."

Lakini hakunikataza kusalimia. Alinionyesha namna ya kufanya vyote pamoja: unashika kifundo cha mkono wa mgonjwa kama unamsalimia, kumbe vidole viko kwenye mshipa, unamuuliza habari za nyumbani huku unahesabu mapigo, na macho yako yapo usoni pake. Ninyi sasa mnabana kidole kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, na ni kizuri, mimi mwenyewe nilikigombania tulipoletewa. Naomba tu mkishakibana msigeuke kutazama simu.

Jambo jingine la Bi. Salma lilikuwa kuongea na maiti. "Mzee, tunakugeuza upande wa kushoto, samahani." "Mama, maji hayo, usishtuke." Mara ya kwanza nilidhani tumekosea na mtu yu hai, nikakaribia kutoka mbio. Alinieleza kwamba kwao Waislamu maiti hushikwa kwa upole kama anayesikia maumivu, na kwamba hata kama hasikii, mkono unaoongea hauna haraka. Mimi Mmoraviani nikaichukua tabia hiyo na nikastaafu nayo.

Dokta Urio alikuja miaka kadhaa baadaye. Alikuwa mtu wa Moshi aliyesomea udaktari bingwa Ulaya, kwenye nchi za theluji, mrefu, mkimya, mwenye nyundo ndogo ya kupimia magoti ambayo hakumwazima mtu. Siku ya kwanza alinikuta naongea na marehemu. Akasubiri nimalize, kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, ni nani ninayemwambia.

"Mgonjwa, dokta."

"Huyu hayupo tena, Sista Atu. Mwili ni kemia na umeme. Vikizima, vimezima."

Nikamjibu kwamba basi siongei na mtu, najiongelesha mwenyewe nisije nikamwangusha. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ni sababu nzuri. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kudhihaki imani za watu. Alitaka tu umpe kitu anachoweza kukipima, na kisichopimika aliwaachia wenye nacho.

Na hakuwa mwongo. Hili lilitutesa sana. Ndugu walikuwa wakimvuta pembeni, "Dokta, mwambie mama atapona, umpe moyo," naye anasema hapana, nitamwambia kwamba hatutamwacha na maumivu, maana hilo nina uhakika nalo. Nimeona watu wakimchukia kwa hilo. Nimeona pia wagonjwa wakimwomba awashike mkono yeye, si sisi wenye maneno matamu.

Mnajua hospitali yetu iko karibu na Chang'ombe, kwa hiyo tulipata wagonjwa wa kila namna, Wahindi wengi na Wachina kidogo. Ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo chuoni hayakutajwa. Kulikuwa na Mzee Jani, mwalimu mstaafu wa hesabu, Mhindu aliyekuwa akiamka alfajiri, anakaa kitandani amekunja miguu, anavuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa jingine. Presha yake ilikuwa ya kutisha jioni na ya kijana asubuhi. Dokta Urio hakuamini macho yake, akampima kabla na baada, siku baada ya siku, kwa mashine mbili tofauti, mpaka mzee akalalamika kwamba anaonewa. Mwisho dokta akaridhika kwamba pumzi ile inashusha presha kweli, na akaanza kuwafundisha wagonjwa wengine. Aliyaita mazoezi ya pumzi, basi.

Mzee Jani aliniambia, "Sista, huyu dokta wako amechukua sufuria, mboga ameiacha jikoni. Mimi navuta pumzi nijijue kwamba mimi siyo huu mwili. Yeye anaitumia kutengeneza mwili."

Nikampelekea dokta ujumbe. Akasema mwambie sufuria naweza kuipima. Mzee alicheka mpaka nikaogopa presha yake.

Watu wanaosoma vitabu husema Mashariki wanashughulika na roho, Magharibi wanashughulika na vitu, na kila upande unamwona mwenzake kipofu. Labda ni hivyo huko vitabuni. Wodini nilikuta yamechanganyika. Kuna bibi mmoja wa Kihindu ambaye wanawe walitaka afie sakafuni, juu ya ardhi, si juu ya kitanda cha chuma, ndivyo desturi yao. Dokta Urio aliona ni upuuzi na akasema hivyo. Kisha bibi alipolazwa chini kwenye shuka safi, yeye ndiye aliyepiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, akainama kusikiliza moyo mpaka ulipokoma. Nilijiuliza sana juu ya hilo. Mtu anayeamini hakuna kingine baada ya mwili huwa mwangalifu sana na mwili, kwa sababu ndicho kitu pekee alichonacho. Na wale wanaosema mwili ni nguo ya kuvua, nao niliwaona wakiishika nguo hiyo na kulia kama sisi wa Tukuyu. Mimi nilikuwa katikati, si wa huku wala wa kule, kama mgeni aliyefikia nyumba ambayo wenyeji wake wana ubishi wa siku nyingi.

Sasa nimfikie Mzee Weni.

Alikuwa Mchina aliyekaa nchini tangu ujana wake. Aliuza misumeno na visu vya mashine za randa kwa mafundi wa Keko, na walimpenda kwa sababu alinoa bure kile alichokiuza. Mkewe alishafariki. Alikuwa na binti mmoja, Mei, aliyezaliwa hapahapa na kusoma hapahapa, mwenye Kiswahili cha mtaani kuliko mimi. Mzee aliletwa na saratani ya koo la chakula. Mnaijua ilivyo: mtu ana njaa, chakula kipo mbele yake, anameza, kinarudi. Mwanzo alishindwa ugali, kisha wali, kisha uji, mwisho hata mate. Mei alikuwa akileta mchuzi mwepesi kwenye chupa ya chai kila siku, anampa kijiko kimoja, anakaa anasubiri kama kitapita. Mara nyingi hakikupita, naye anakunja tambaa, anamfuta mdomo, anasema, "Poa baba, tutajaribu tena."

Alifariki asubuhi, katika chumba chetu cha pembeni, Mei akiwa hapo pamoja na shangazi yake mzee aliyekuja kutoka kwao na asiyejua Kiswahili. Nilipoingia na beseni na pamba, Mei alisimama mlangoni.

"Sista Atu, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Asante. Sista, mie nina ombi moja tu. Msimguse. Msimvue, msimfunge, msimbebe. Mpaka jioni."

"Jioni ya leo?"

"Ndiyo. Sie Mabudha ndo tunavyofanyaga. Roho inatokaga polepole, ukimshika anashtuka, inamharibia safari. Baba mwenyewe aliniomba, nikamuahidi."

Dokta Urio alikuwa nyuma yangu na alisikia yote. Akanivuta kwenye korido. "Atu, pale benchi kuna mwanamke ana homa ya mapafu, ametoka Tandika na bodaboda. Anahitaji kitanda. Marehemu hahitaji."

"Najua, dokta."

"Sasa?"

Nikamwambia tutaweka kitanda cha akiba kwenye chumba cha wauguzi. Aliniuliza tutanywea wapi chai, nikasema tutanywa tumesimama. Aliwatazama wale wawili ndani, ambao walikuwa wameshaanza kutaja jina la Budha kwa sauti ya chini, jina lilelile tena na tena. Akasema haya, mpaka jioni, na feni iwashwe, maana joto la Dar halingoji roho ya mtu. Mama wa Tandika akalazwa karibu na friji letu, na siku chache baadaye akaenda nyumbani kwa miguu yake, kwa hiyo msimwonee huruma.

Mchana nilimpelekea Mei chai ya rangi. Alitoka, akaketi nami kwenye ngazi, hakuinywa. Nilimwambia anajitahidi, baba yake angejivunia. Akatikisa kichwa.

"Kuna kitu kinaniogopesha, sista. Jioni shangazi atataka tujue joto limebaki wapi. Mwili wote ukipoa, kuna sehemu moja inakuwa ya mwisho, ndo roho imepitia hapo. Likibaki utosini, baba kaenda pazuri kuliko pote. Kifuani, atazaliwa mtu tena. Magotini, mnyama. Nyayoni, usiseme."

"Na tumboni?"

Aliweka kikombe chini, nikajuta kuuliza.

"Tumboni anakuwa katika wale wenye njaa. Wana matumbo makubwa na koo jembamba kama sindano. Chakula wanakiona, hakipiti." Akaanza kulia. "Si ndo alivyokuwa, sista? Miezi yote hii. Mie siogopi kufa kwake. Naogopa awe vile milele."

Niliondoka pale nikijifanya natafuta pamba. Sikuwa na imani hiyo na sina leo, lakini nilikuwa nimemwona Mzee Weni akikitazama kijiko, na nilielewa kabisa binti yake anaogopa nini.

Nilimkuta Dokta Urio anaandika, nikamuuliza swali la kitaalamu: maiti hupoaje?

"Kuanzia pembeni," akasema. "Miguu na mikono kwanza. Tumbo ndilo linalochelewa, lina nyama nyingi na limefunikwa."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu. Hata askofu. Kwa nini?"

Nikamweleza yote, tumbo, koo la sindano, kijiko. Kalamu ilisimama. Nilitegemea aseme mambo ya kemia na umeme. Aliuliza tu, "Na alikufa hajala."

"Hajala, dokta."

"Na mimi wakiniuliza, nitasema nilichokipima."

"Najua," nikamwambia, na kusema kweli nilimkasirikia. Nilitaka kwa mara moja katika maisha yake awe mtu wa kawaida, aseme uongo mdogo wa huruma kama sisi wote. Alivaa koti lake akaenda kuendelea na wagonjwa.

Chumba kile kinatazama magharibi, nadhani mnakumbuka. Alasiri jua huingia mpaka kwenye mto, ndiyo maana siku zote tulikifunga pazia. Mchana ulipogeuka nilikuwa ndani nikibadilisha maji ya kunywa ya shangazi, Dokta Urio akaingia. Hakumgusa mtu. Alikwenda dirishani, akavuta pazia lote upande, akarudi nyuma hatua moja akatazama mwanga ulipoangukia, kisha akalirudisha kidogo, kivuli chake kikafunika kuanzia mabega kushuka chini. Jua likabaki kichwani pa mzee. Akazima feni.

"Dokta, linampiga mgonjwa," nikasema, nikimwita maiti mgonjwa kama kawaida yangu.

"Liache," akasema, akatoka.

Nilidhani anataka mwanga. Nilikuwa na wodi nzima ya kuangalia, sikufikiri zaidi.

Jua lilipokaribia kuzama sauti ndani zilinyamaza, na Mei akaja kutuita. Shangazi alikuwa amesimama kichwani pa kitanda. Mei akamgeukia Dokta Urio.

"Dokta, nakuomba umguse wewe. Mikono yangu imekufa ganzi. Na shangazi anampenda mno, ataona anachotaka kukiona. Wewe hunaga maneno ya kumfurahisha mtu. Ukisema wewe, ntaamini."

Nilitazama sakafu. Nilimwomba Mungu dokta aitwe wodini, umeme ukatike, chochote.

Yeye akasogea. Akaweka kiganja kwenye nyayo, akakaa nacho pale kama anayesikiliza. "Zimepoa," akasema. Magoti. "Yamepoa." Mkono ukapita juu ya blanketi lililofunika tumbo na kifua bila kulifunua, ukaenda mpaka kichwani, ukatulia kwenye nywele nyeupe za utosi wa mzee. Hapo alikaa muda mrefu zaidi.

"Hapa pana joto," akasema. "Usiniamini mimi. Weka mkono wako."

Mei akaweka. Uso wake ulibadilika taratibu, kwanza hakuamini, kisha midomo ikaanza kucheza. Akamwambia shangazi kwa Kichina, shangazi naye akaweka kiganja, akapiga kelele moja fupi na kuinama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda. Mei alikuwa anacheka na kulia pamoja, anarudia, "Kashiba, sista. Baba kashiba." Mimi nililia bila kujificha.

Nilimfuata dokta kwenye korido. Hasira zangu za mchana zilikuwa zimegeuka kitu kingine nisichokijua jina. "Dokta Urio, si ulisema tumbo?"

"Nilisema. Kuna aliyeniuliza tumbo?" Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Joto la jua ni joto, Atu. Kipimo chochote utakachokiweka pale kitakwambia lipo."

Nilikuwa na kazi iliyobaki na nilijua ni ipi. Mei alikuwa ameniambia anataka kumwosha baba yake kwa mikono yake mwenyewe, na hakukuwa na sababu ya kumkatalia. Nikamwomba asubiri nje kidogo nimtayarishe. Nikapita chumba cha wauguzi, nikachukua kwenye friji chupa yetu ya maji ya kunywa, nikarudi nikafunga mlango.

Siku zote tunaanza na uso, mnajua. Siku ile nilifunua blanketi, nikaweka kiganja juu ya tumbo la Mzee Weni, na lilikuwa na joto kama dokta alivyosema litakuwa. Nikamwambia, "Samahani mzee, maji haya ni ya baridi." Nikalowesha kitambaa, nikakilaza pale, nikakigeuza, nikamimina mengine, nikarudia mpaka chupa ikaisha na kiganja changu hakikuona tena tofauti kati ya tumbo na magoti. Nikamkausha vizuri. Kisha nikafungua mlango nikamwita Mei aingie.